Matende, Mabusha na Mfuko wa Kaya

Shirika la Afya Duniani limeorodhesha zaidi ya magonjwa 20 katika kundi liitwalo magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, na linakadiria kuwa yanawagusa watu zaidi ya bilioni moja, wengi wao wakiishi mahali ambapo maji safi, vyoo bora na zahanati bado ni vitu vya kutafutwa. Jina hilo lina historia yake: kwa miaka mingi fedha za utafiti na tiba zilielekezwa zaidi kwenye malaria, kifua kikuu na UKIMWI, ambayo huua kwa wingi, ilhali mengi ya magonjwa haya humwacha mtu hai lakini yakampunguzia uwezo wa kufanya kazi, kutembea, kuona au kuketi na wenzake. Kwa hesabu ya vifo, basi, yanaonekana madogo. Kwa hesabu ya kaya si madogo hata kidogo, na katika mwambao wa Afrika Mashariki mfano ulio wazi ni matende na mabusha.

Chanzo chake ni minyoo wembamba kama uzi, Wuchereria bancrofti kwa jina la kitaalamu, wanaoishi katika mishipa ya limfu, yaani ile inayorudisha majimaji ya mwilini kwenye mzunguko wa damu. Mbu amuumaye mgonjwa hufyonza minyoo wachanga, ambao hujitokeza zaidi katika damu nyakati za usiku, na baada ya takriban wiki mbili huwa tayari kumwambukiza mtu mwingine. Minyoo wakubwa huweza kuishi miaka sita hadi minane wakiiharibu mishipa hiyo polepole, mpaka majimaji yanakosa njia, mguu unavimba na kuwa tende, au mfuko wa korodani unajaa maji na kuwa busha. Kwa kuwa kati ya kuumwa na mbu na kuvimba hupita miaka mingi, haishangazi kwamba watu wa pwani wametafuta chanzo kwingine, na dhana kwamba mabusha huletwa na unywaji wa madafu ingali hai, ingawa dafu halina hatia yoyote.

Kinachoidhoofisha familia si uvimbe peke yake. Ngozi ya mguu ulioharibika hupasuka katikati ya vidole, bakteria hupenya, na mgonjwa hushikwa na homa, mitoki na maumivu yanayomlaza siku kadhaa, tena huenda yakarudi mara kadhaa kwa mwaka. Homa hiyo ikiangukia msimu wa kupalilia, siku zilizopotea hazifidiwi na siku za mwezi mwingine, kwa sababu magugu hayamsubiri mtu apone. Mkwezi mwenye busha kubwa hawezi kuukumbatia mnazi, na mvuvi hupata taabu kuvuta nyavu na kuisukuma ngalawa majini. Mara nyingi watu hawa hawaachi kazi kwa siku moja, bali hushuka kidogokidogo, kutoka ukwezi hadi kufua nazi, kutoka baharini hadi kushona nyavu ufukweni, na kila hatua ina ujira mdogo kuliko ile iliyotangulia.

Pengo hilo huzibwa na wengine nyumbani. Utunzaji wa mguu wenye tende ni kazi ya kila siku: huoshwa kwa maji safi na sabuni, hukaushwa taratibu kwa kitambaa hadi katikati ya vidole, hupakwa dawa penye michubuko, kisha huinuliwa juu ya mto mgonjwa anapopumzika. Tiba hii ni rahisi na imethibitika kupunguza zile homa, lakini inadai ndoo ya ziada ya maji, na pale ambapo kisima kiko mbali ndoo hiyo huchotwa na mke, au na binti ambaye saa hiyo alipaswa kuwa njiani kwenda shule. Saa zake haziandikwi katika daftari lolote la hospitali, na ndiyo maana hasara ya ugonjwa huu hukadiriwa chini ya ukubwa wake.

Aibu nayo ina gharama. Kijana mwenye busha huogopa kupeleka posa, aliyeoa huona unyumba ukivurugika na mkewe akinyamaza ili kumsitiri, na kanzu, vazi la heshima, hugeuka kuwa vazi la kuficha. Mizaha juu ya mabusha ni mingi mno vijiweni, na uzito wake haupimwi na anayecheka. Anayejificha hachelewi tu kuoa. Huchelewa pia kutibiwa, na kabla ya kufika hospitali familia huwa imekwisha kulipa kwa mganga na katika duka la dawa.

Juhudi za kuukomesha ugonjwa zipo, na zimezaa matunda. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, Unguja, watafiti walimwaga chembe nyepesi za polistirini katika vyoo vya shimo vyenye maji, zikaelea na kuwazuia mbu kuzaliana humo, huku wakazi wakipewa dawa. Mwaka 1997 Mkutano wa Afya Duniani uliazimia kuutokomeza ugonjwa huu, na Tanzania ilianza kugawa kingatiba mwaka 2000 kisiwani Mafia, kisha Zanzibar mwaka 2001, kwa kutumia ivermektini na albendazoli zinazotolewa bure na watengenezaji. Wagawaji wa dawa hawahitaji mzani, kwani idadi ya vidonge vya ivermektini hupimwa kwa fimbo ya urefu. Togo ilithibitishwa mwaka 2017 kuwa imeutokomeza ugonjwa kama tatizo la afya ya jamii, na Malawi ikafuata mwaka 2020.

Hata hivyo kingatiba hulenga hasa minyoo wachanga walio katika damu ili mbu wasipate cha kusambaza. Haiuponyi mguu uliokwisha kuvimba. Wanaume zaidi ya milioni 25 duniani wanakadiriwa kuwa na mabusha, na watu zaidi ya milioni 15 wana matende, na hao watabaki na hali hiyo hata mwaka ambao maambukizi mapya yatafikia sifuri. Upasuaji wa busha hauna ugumu mkubwa, lakini hata unapotolewa bure, ubure huo haugusi nauli, chakula cha msindikizaji wala majuma ya kukaa bila kazi nzito baada ya kushonwa. Mpango unaohesabu vidonge vilivyomezwa na kuwasahau waliokwisha kuvimba umefanya nusu ya kazi. Upasuaji huo unapaswa kuwa huduma ya kawaida ya hospitali za wilaya, wala usingoje kambi za upasuaji za msimu, na mwenye busha au mguu unaovimba naye asiingoje kambi; afike mapema katika kituo cha afya kilicho karibu.