Treni ya Guka Juu ya Plaiwudi: Vile Unaweza Kujenga Reli ya 1968 Ndani ya Keja

Msee akiskia unajenga treni ndogo, kitu ya kwanza anafikiria ni kale ka plastiki ka betri, kanazunguka chini ya meza hadi kagonge mguu wa kiti. Hii ni tofauti. Hapa unachagua mahali pamoja na mwaka mmoja, halafu unajenga kila kitu kilichokuwa hapo kwa kipimo kimoja: stesheni, tangi la maji, nyumba za landi, mabehewa, hadi rangi ya udongo. Na vile hakuna duka Nairobi litakuuzia stesheni ya Ukambani ndani ya boksi, utaijenga na mikono yako.

Mimi niliingia hii mambo juu ya guka. Aliandikwa reli 1968 kama fayaman kwa zile injini kubwa za Garratt, laini ya Mombasa. Sasa macho yake yanaisha. La kushoto lishaenda, la kulia linaona mwangaza na vitu vikiwa karibu sana. Nilitaka aone kazi yake tena kabla hilo nalo lizime, na hiyo ndiyo sababu nimekuwa nikikata makaratasi hadi saa nane usiku kama mtu anadaiwa.

Anza na mwaka. Usiseme "zamani", sema 1968. Mwaka ndio unakuambia nini inaingia na nini inabaki nje. Garratt za klasi ya 59 zilijengwa na Beyer Peacock kule Manchester, zikafika huku kuanzia 1955, zote 34. Kwa hivyo ukijenga stesheni ya 1950 usiweke hiyo injini. Hadi 1969 reli na bandari zilikuwa shirika moja la Kenya, Uganda na Tanzania, kisha zikatenganishwa, na 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika. Ukiandika Kenya Railways kwa behewa la 1968 umejichoma. Hakuna tangi jeusi la plastiki, hakuna kibanda cha kijani cha kutuma pesa. Ndai? Weka Peugeot 404. Hiyo ndiyo ilishinda Safari Rally mwaka huo, na kila msee alikuwa anaitamani.

Halafu skeli, na hapa ndipo wengi wanapotelea. Reli yetu ya zamani ni ya mita moja kati ya chuma na chuma. Treni za kuchezea zinazopatikana kwa mitumba ya vitu vya watoi, Gikomba au Toi, mara nyingi reli zake ni za milimita 16.5. Sasa piga hesabu: milimita 16.5 mara 64 ni 1,056. Hiyo ni mita moja na sentimita tano na kitu, hakuna jicho litashtuka. Basi ukijenga kila kitu kwa moja kwa 64, reli za bei rahisi zinakuwa reli za Kenya. Na uzuri zaidi, vile vigari vidogo vya chuma ambavyo watoi huchezea, vingi viko karibu na hiyo skeli. 404 yako ukiipata hapo, umeokoa wiki nzima.

Kutoka hapo kila kitu unagawanya kwa 64. Mlango wa mita 2 unakuwa milimita 31. Mtu wa kawaida anakuwa milimita 26 hivi. Garratt yenyewe, karibu mita 32 kutoka mwanzo hadi mwisho, inakuwa nusu mita. Ndiyo, injini moja, nusu mita. Ndio maana plaiwudi ya futi 8 kwa 4 inaisha haraka kuliko mshahara, na ndio maana unajenga stesheni moja tu. Weka laini mbili hapo stesheni. Reli ilikuwa moja, treni zilipishana kwa stesheni, na bila hiyo laini ya pili treni yako itazunguka tu kama mbuzi amefungwa kwa mti.

Nyumba ndiyo sehemu tamu. Ukuta ni kadibodi ya boksi la siriali, unabandika mbili au tatu na gundi ya mbao ili isijikunje. Kata madirisha kabla ya kusimamisha ukuta, si baada. Paa la mabati lilinisumbua mwezi mzima. Kadibodi ya mawimbi ni kubwa mno, ukiiweka stesheni inakaa banda la kuku. Dawa niliipata kwa fundi wa pikipiki: bolti ya spana 13. Meno yake yameachana milimita 1.25, na mawimbi ya mabati ya kweli, ukigawa kwa 64, ni kama milimita 1.2. Kata ile sahani ya foili ya nyama choma, ilaze juu ya kipande cha sandali, bingirisha bolti huku ukikandamiza. Mabati hayo! Yapake rangi nyekundu ya udongo, halafu sugua kutu kidogo karibu na misumari.

Tangi la maji lilikuwa la vipande vya chuma vya mraba, futi 4 kwa 4, yaani milimita 19 kila kimoja. Miguu yake nilitumia vijiti vya mishikaki.

Sasa injini. Garratt si injini ya kawaida. Ni seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma, na boila imeninginia katikati kama mtu amebebwa machela. Kila seti inageuka kivyake, ndio maana mnyama wa tani 250 aliweza kupinda kona za hii nchi. Boila lake lilikuwa na upana wa futi 7 na nusu, zaidi ya mara mbili ya reli iliyolibeba. Kwa skeli yetu hiyo ni milimita 36, na paipu ya maji machafu ya sinki, ile ya inchi na robo, nilipima yangu ikatoka 36 kamili. Nilicheka peke yangu hadi mathe akakuja kuniangalia.

Kwa magurudumu, tafuta treni mbili mbovu za aina moja, utoe mota zote mbili. Zikiwa tofauti moja itavuta nyingine na zitaungua. Moto unapitia kwa reli, volti 12, adapta unapata Luthuli. Acha nafasi kwa kona: tumbo la injini linaingia ndani na pua inatoka nje. Mimi nilipanda miti karibu sana na kona, Garratt ikafyeka msitu wote siku ya kwanza.

Vipimo usitoe kichwani. Nenda makumbusho ya reli, nyuma ya stesheni ya Nairobi. Mount Gelai, namba 5918, iko hapo, na Mount Shengena, 5930. Hizi injini zilipewa majina ya milima. Uliza ruhusa, beba futi ya fundi, piga picha upande zote mbili.

Lakini picha haikuambii kila kitu. Nilikuwa nimejaza makaa nyuma ya injini, makaa ya jiko nimeponda vizuri, naona nimeua. Guka akaisongeza karibu na jicho, akanusa, akaniuliza, "Hii ni ya kuchoma mahindi?" Klasi ya 59 ilichoma mafuta. Fayaman hakushika sepetu, alishika vali, jicho moja kwa moshi na lingine kwa kioo cha maji. Miaka yote nimekuwa nikiambia wasee guka wangu alikuwa anarusha makaa.

Jumamosi iliyopita aliishika tena, makaa yameenda. Hakuangalia sana. Alipitisha kidole kutoka tangi la mbele, juu ya boila, akafika kwa kebu na akasimama hapo upande wa kushoto. "Mimi nilikuwa nakaa hapa," akasema. Halafu akapapasa stesheni, akapata tangi la maji, akaniambia liko upande mbaya. Lilikuwa ng'ambo ya pili, karibu na mti wa mwarobaini.

Nilikuwa nimelibandika na supa glu. Leo nimenunua wembe mpya, na natafuta kitu inakaa mwarobaini.