Maumivu ya kisigino: Jinsi soli za kutegemeza wayo zinavyoweza kumfaa mwanariadha wa milimani

KWA mwanariadha wa Kilungu, katika Kaunti ya Makueni, ardhi tambarare ni bidhaa adimu. Kutoka Salama, kwenye barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa, njia hupanda milima hadi soko la Nunguni, na vijia vya huko hupanda na kushuka baina ya matuta ya mashamba. Uwanja wa shule ndio mara nyingi mahali pekee ambapo mtu anaweza kukimbia bila kuukabili mlima.

Mazingira hayo hujenga mapafu na mapaja. Ukambani kwa jumla si mgeni katika mbio ndefu: Cosmas Ndeti, mzaliwa wa Machakos, alishinda Boston Marathon mara tatu mfululizo kuanzia 1993 hadi 1995, naye Patrick Makau akaandikisha rekodi ya dunia jijini Berlin mwaka wa 2011 kwa muda wa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Kwa vijana wengi, mbio ni njia ya kuelekea ajira, kwani majeshi, polisi na magereza wamekuwa wakiwaajiri wanariadha kwa miaka mingi. Msimu mmoja ukipotea kwa sababu ya jeraha, huenda nafasi hiyo isirudi.

Miongoni mwa majeraha yanayowapokonya wakimbiaji msimu ni maumivu ya chini ya kisigino ambayo madaktari huyaita fashaitisi ya wayo. Dalili yake haifichiki. Mtu huamka asubuhi, akakanyaga sakafu, na hatua ya kwanza ikamchoma upande wa ndani wa kisigino kana kwamba amekanyaga msumari. Baada ya hatua kadhaa maumivu hupungua. Hurudi akiketi kwa muda kisha akainuka, au jioni baada ya mazoezi.

Kinachouma ni fashia, yaani ukanda mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino na kutandaa chini ya wayo hadi kwenye vidole. Mwaka wa 1954, mtafiti J. H. Hicks wa Uingereza alieleza jinsi ukanda huo unavyofanya kazi: vidole vikikunjwa kuelekea juu, kama mtu anapojisukuma mbele, ukanda hukazika na upinde wa wayo ukainuka, mithili ya kamba inayozungushwa kwenye roda ya kisima. Mkimbiaji huukaza hivyo kwa kila hatua, maelfu ya mara kwa siku.

Mlima huzidisha mzigo huo. Katika kupanda, kifundo cha mguu hukunjika zaidi, misuli ya shavu la mguu na ukano wa kisigino huvutwa, nao mvuto huo huifikia fashia. Ndiyo maana mkimbiaji aliyeongeza ghafla mazoezi ya milimani, au aliyebadilisha viatu katikati ya msimu, huwa katika hatari kubwa.

Wengi hudhani kisigino kimevimba ndani, hivyo humeza dawa za kupunguza uvimbe wiki baada ya wiki. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003, uliochunguza vipande vya fashia kutoka kwa wagonjwa 50 waliofanyiwa upasuaji, ulionyesha nyuzi zilizochakaa, wala si uvimbe. Aidha, mwiba wa mfupa unaoonekana kwenye picha ya eksirei si lazima uwe ndio chanzo, kwani watu wengi wanao na hawahisi lolote. Tatizo, basi, ni nyuzi zilizobebeshwa mzigo kuliko uwezo wao, na tiba ni kupunguza mzigo kwanza, kisha kuziimarisha nyuzi zenyewe.

Hapo ndipo zinapoingia soli za ndani za kutegemeza wayo, ambazo wataalamu huziita othotiki. Huwekwa ndani ya kiatu, zikaushika upinde wa wayo na kukizingira kisigino kama bakuli, ili fashia isivutwe sana kila mguu unapotua.

Ziko za aina mbili: zilizotengenezwa tayari, ambazo huuzwa kwa saizi kama viatu, na zinazoundwa na fundi wa viungo kwa kufuata umbo la mguu wa mtu mmoja. Hizo za pili ni ghali, na kwa mkazi wa Kilungu huenda zikadai safari kadhaa za kwenda Nairobi au Kikuyu. Kabla ya kuuza mbuzi kwa ajili yake, ni vyema ajue matokeo ya utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka wa 2006. Wagonjwa walipewa ama soli za kuundwa, ama za tayari, ama kipande chepesi kisicho na nguvu ya kutegemeza. Baada ya miezi 3, waliovaa soli halisi walitembea na kufanya shughuli zao vyema zaidi, ijapokuwa tofauti ilikuwa ndogo. Zile ghali hazikuzishinda zile za tayari. Baada ya miezi 12, makundi yote matatu yalikuwa sawa.

Maana yake ni kwamba soli hununua muda tu, na kwa wengi soli ya kawaida iliyo imara kiasi inatosha. Mwenye mguu wa umbo lisilo la kawaida, au aliyejaribu za tayari kwa miezi kadhaa bila nafuu, ndiye mwenye sababu ya kumtafuta fundi.

Lakini soli nzuri isiyovalika ni kazi bure, na malalamiko mengi hutokana na namna ilivyowekwa. Kosa la kwanza ni kuitandika juu ya soli ya ndani iliyokuja na kiatu. Mguu huinuliwa, kisigino kikaanza kutoka nje, vidole vikabanwa juu na malengelenge yakafuata. Soli ya zamani sharti iondolewe kwanza. Jambo hili ni muhimu hasa kwa viatu vya mitumba, ambavyo ndivyo huvaliwa na wakimbiaji wengi wachanga. Soli yake ya ndani tayari imebonyea kwa umbo la mguu wa mtu mwingine, pengine mzito kuliko mwenye kiatu wa sasa.

Soli mpya ikiwa ndefu, hukatwa kwa mkasi upande wa vidole pekee, kidogo kidogo, kwa kuifuatisha ile ya zamani. Upande wa kisigino haukatwi. Ikishawekwa, isukumwe nyuma hadi iguse ukuta wa kiatu. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Ikiwa kiatu kimekuwa chembamba mno, kinachopaswa kubadilishwa ni kiatu.

Kosa la pili ni haraka. Mguu uliozoea kukanyaga kwa namna moja kwa miaka hauwezi kufundishwa upya kwa siku moja. Siku ya kwanza soli ivaliwe kwa saa moja ya kutembea tu, kisha iongezwe saa moja kila siku. Baada ya wiki moja au mbili za kuivaa kutwa bila usumbufu, mwanariadha anaweza kuijaribu katika mbio nyepesi za dakika 10 hadi 15, kwenye tambarare. Mazoezi ya kasi na ya mlimani yangoje. Kuihisi soli chini ya upinde wa wayo siku za mwanzo ni kawaida. Maumivu mapya ya goti, nyonga au muundi, au ganzi ya vidole, ni ishara ya kupunguza muda au kutafuta soli iliyo laini zaidi.

Kosa la tatu halionekani uwanjani kabisa. Mkimbiaji huvaa soli zake kwa saa moja ya mazoezi, kisha akarudi nyumbani, akavaa slipa bapa na kushinda shambani au sokoni hadi jioni. Kisigino hakijui kwamba mazoezi yamekwisha. Soli zihamishwe kwenye viatu vya kushindia, hata gambuti za shambani, mradi zinaenea. Kinyume chake, viatu vya misumari vya kushindania uwanjani ni vyembamba na havina nafasi. Hivyo huvuliwa mara tu mbio zinapokwisha.

Usiku soli zitolewe na kuanikwa kivulini. Zikiachwa karibu na jiko au juani, za plastiki hupinda na kupoteza umbo lililonunuliwa kwa fedha.

Sambamba na hayo kuna mazoezi yasiyogharimu chochote. Kabla ya kukanyaga sakafu asubuhi, mtu aketi, aupandishe mguu juu ya goti la pili na kuvuta vidole kuelekea kwenye muundi kwa sekunde 10, mara 10, na kurudia hivyo mara tatu kwa siku. La pili ni kusimama kwenye kidato cha ngazi kwa mguu mmoja, taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya vidole, na kuinua kisigino polepole: sekunde 3 kupanda, 2 kutulia, 3 kushuka, mara moja kila baada ya siku mbili. Utafiti wa Denmark wa mwaka wa 2014 uligundua kwamba baada ya miezi 3 waliofanya zoezi hili walikuwa na nafuu kuliko waliojinyoosha pekee. Makundi yote mawili yalipewa soli.

Si kila kisigino kinachouma kina ugonjwa huu. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayeumwa nyuma ya kisigino huenda anaugua sehemu ya mfupa inayoendelea kukua. Maumivu ya usiku, au yanayozidi kisigino kinapobanwa pande zote mbili, yanaweza kuwa ufa mfupani, na huyo asiendelee kukimbia kabla ya kumwona daktari. Mgonjwa wa kisukari naye akaguliwe miguu kabla ya kuweka soli yoyote.

Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja. Hatua ya kwanza ya asubuhi ikiwa haiumi kwa wiki kadhaa mfululizo, soli zaweza kuondolewa kwa utaratibu ule ule zilivyoanza, saa moja moja, zile za viatu vya mlimani zikiwa za mwisho kutolewa.