Swali la Mwananchi si Ombi

Kila Bunge linapomaliza kikao chake Dodoma, Waheshimiwa Wabunge hurudi majimboni mwao na mikutano huitishwa. Viti huletwa kutoka shuleni, wazee huketi mbele, vijana husimama nyuma chini ya mwembe, na baada ya salamu na hotuba hufika saa ambayo kila Mbunge huijua, nayo ni saa ya maswali. Juu ya saa hiyo twataka kusema leo, kwa sababu heshima ya Bunge letu haijengwi Dodoma peke yake. Yajengwa pia pale chini ya mwembe, na pale pale yaweza kubomolewa.

Hebu tuyasikilize yanayosemwa katika saa hiyo. Mmoja ainuka na kusema kwamba paa la nyumba ya ibada lavuja. Wa pili ataka mpira na fulana za timu ya kijiji. Wa tatu ana msiba, wa nne ana mtoto aliyefukuzwa chuoni kwa kukosa ada. Haya yote ni mahitaji ya kweli, wala sisi hatumcheki mtu kwa shida yake. Lakini tutazame yatokeayo baadaye. Mheshimiwa atia mkono mfukoni, watu wapiga makofi, vigelegele vyasikika, na mkutano wafungwa. Nani aliyeuliza fedha za barabara zimekwenda wapi? Nani aliyeuliza Mbunge alisema nini siku ile bajeti ya kilimo ilipojadiliwa? Hakuna. Mkutano ulioitwa wa maswali umegeuka kuwa mkutano wa maombi.

Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Aombaye hukiri kwamba kitu ni mali ya mwingine, naye akipewa hana budi kushukuru. Aulizaye hutaka hesabu ya kitu kilicho chake, naye akijibiwa hupima kama jibu limetosha. Mbunge aliyekwisha toa shilingi zake kwa waombaji aweza kujiona amelipa deni lake lote kwa wapiga kura, na kumbe deni lenyewe hata halijaguswa.

Tuseme wazi deni hilo ni lipi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 63, yasema kwamba Bunge lina madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na yatoa kwa Bunge uwezo wa kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ndugu msomaji, yazingatie maneno hayo: kwa niaba ya wananchi. Haki ya Mbunge kumsimamisha Waziri na kumwuliza si mali yake, ameazimwa nawe. Sasa, mtu aliyeazimwa haki ya kuuliza atawezaje kunyamaza mbele ya yule aliyemwazima, anapoulizwa yeye?

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Wale wanaodhani kwamba kumhoji Mbunge ni desturi iliyoletwa na mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 yafaa waukumbuke uchaguzi wa Septemba 1965. Wakati huo Tanzania Bara ilikuwa na chama kimoja tu, yaani TANU, na wapo watu wa nje waliotabiri kwamba uchaguzi huo ungekuwa mchezo wa kuigiza. Haikuwa hivyo. Mikutano ya wilaya ya Chama iliwapigia kura walioomba kusimama, na Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua watu wawili kwa karibu kila jimbo. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Wagombea hao hawakuachiwa kuzunguka kila mtu na wapambe wake. Chama ndicho kilichoitisha mikutano, na wote wawili walisimama jukwaa moja mbele ya watu wale wale, wakasema kwa zamu, kwa Kiswahili, kisha wakaulizwa. Ilikuwa marufuku kuomba kura kwa kabila, kwa dini au kwa rangi.

Matokeo yake wengi wayajua. Mawaziri wawili waliangushwa, pamoja na Mawaziri wadogo kadhaa na Wabunge wengi wa siku nyingi. Mmoja wa Mawaziri hao alikuwa Ndugu Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyekuwa amejipatia sifa kubwa katika ushirika wa wakulima wa pamba huko Kanda ya Ziwa. Hatumtaji ili kumshutumu, kwa maana alikuwa mtumishi mwema wa nchi, na baadaye alirudi Serikalini na kuitumikia kwa miaka mingi. Twamtaja kwa sababu kuanguka kwake kulionyesha jambo moja: cheo kikubwa serikalini hakikumwondolea mtu wajibu wa kusimama mbele ya wakulima na kupimwa nao sawasawa na mwenziwe. Wananchi wa mwaka 1965, wengi wao wasiojua kuandika jina, walijua kwamba kura ni mwisho wa mazungumzo marefu ya kuulizana na kujibizana, wala si shukrani ya kitoweo.

Basi desturi hii ya maombi imeotea wapi? Haikuota siku moja. Kwa upande mmoja umaskini wetu umeilea. Kwa upande mwingine tuliilea sisi wenyewe kwa kuupa mkono wa mgombea heshima kuliko kichwa chake. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ili kuruhusu kitu kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Jina lilikuwa zuri, na ukarimu ni mila yetu; lakini sufuria la pilau likikaribia sanduku la kura, nani awezaye kusema ukarimu umeishia wapi na rushwa imeanzia wapi? Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vilikwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria imefanya sehemu yake. Lakini hakuna hakimu awezaye kukaa chini ya kila mwembe. Mtu akiwa bado asema moyoni mwake kwamba mkono mtupu haulambwi, atamtafuta mwenye mkono uliojaa, naye atampata, na huyo mwenye mkono uliojaa hatamwogopa mtu yeyote aliyekwisha ulamba.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba swali halina nguvu siku hizi. Tuwatazame wafanyakazi na jambo la kikokotoo. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF. Kanuni zilizofuata zilisema kwamba mstaafu atapewa kwa mkupuo asilimia 25 ya mafao yake, na sehemu iliyobaki atalipwa kama pensheni ya kila mwezi. Wapo waliokuwa wamezoea kuwa mkupuo huo ni asilimia 50. Mwalimu aliyepanga kumalizia nyumba yake, muuguzi aliyepanga kununua shamba, wote walijikuta wakifanya hesabu upya. Wakaanza kuuliza. Waliuliza katika vyama vyao vya wafanyakazi, waliuliza katika mikutano ya Wabunge, na Wabunge nao wakauliza bungeni. Mwishoni mwa mwaka 2018 Rais John Magufuli alisimamisha utaratibu huo mpya. Mwaka 2022 ukaanza utaratibu wa asilimia 33 kwa wote. Maswali hayakukoma, na katika bajeti ya mwaka 2024/25 Serikali ilipandisha tena: asilimia 40 kwa wale waliokuwa katika kundi la asilimia 50 hapo zamani, na asilimia 35 kwa wale wa kundi la asilimia 25.

Wako watakaosema kwamba asilimia 40 bado si 50. Ni kweli, nasi hatuwafungi midomo. Lakini tazameni njia iliyotumika. Hakuna mfanyakazi aliyekwenda kwa Mbunge kumwomba amsaidie fedha ya kupaulia nyumba. Walimwuliza: kanuni hii imetoka wapi, nani aliipitisha, nawe ulikuwa wapi? Kama kila mmoja wao angeomba shilingi laki moja ya kujikimu, labda mia wangepewa, na kikokotoo kingebaki kama kilivyokuwa. Swali moja lililoulizwa na wengi lilifanya kazi ambayo maombi elfu yasingeifanya.

Kwa hiyo twawaambia wanachama na wafanyakazi: jifunzeni kuuliza. Swali zuri lina anwani. Kabla hujainuka, ujue jambo lako ni la nani. Barabara kuu iko chini ya TANROADS; barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Maji ya vijijini, tangu mwaka 2019, yako chini ya RUWASA. Zahanati na shule ya msingi ni mambo ya halmashauri, na Mbunge ni mmoja wa wajumbe wa halmashauri hiyo, kwa hiyo asikuambie kwamba ya huko hayajui. Bajeti hujadiliwa kuanzia Aprili hadi Juni, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayeuliza juu ya daraja mwezi wa Februari ana nafasi ya kusikilizwa. Anayeuliza mwezi wa Julai amelikuta gari limekwisha ondoka, labda aulize kama lile lililopangwa linajengwa.

Tena yako maswali ambayo Mbunge hawezi kumtupia mtu mwingine. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo uliundwa kwa sheria ya mwaka 2009, na mwenyekiti wa kamati yake ni Mbunge mwenyewe. Mwulizeni: mwaka huu zimekuja fedha kiasi gani, na zimekwenda kata zipi? Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwekwa mezani bungeni kila mwaka. Mwulizeni: halmashauri yetu imetajwa kwa jambo gani, nawe umefanya nini juu yake? Kuuliza hivi si utovu wa adabu. Waweza kumwita Mheshimiwa, ukavua kofia, ukamwamkia kama mila zetu zinavyotaka, na bado ukamtaka hesabu mpaka senti ya mwisho.

Kwa Waheshimiwa Wabunge nao tunalo neno. Majibu ya kweli ni matatu tu. La kwanza ni ndiyo, pamoja na tarehe. La pili ni hapana, pamoja na sababu. La tatu ni sijui, pamoja na ahadi ya kwenda kuuliza na kurudi. Na ahadi ni deni. Majibu mengine tunayoyasikia mara nyingi, kama Serikali inalifanyia kazi, au jambo hilo liko kwenye mchakato, yafaa yafuatwe na moja ya hayo matatu, ama sivyo ni upepo mtupu. Twajua kwamba hapana ni neno zito mbele ya watu. Lakini mkulima amezoea kusikia hapana kutoka kwa mvua, na bado hulima msimu ufuatao. Asilolizoea wala kulisamehe ni kudanganywa. Mbunge asemaye hapana akaeleza kwa nini kisima kimekwenda kijiji cha pili kwanza, huenda akazomewa siku hiyo. Ila mwaka ujao watamsikiliza, kwa kuwa wamejua neno lake lina uzito.

Mwisho, Chama chenyewe hakiwezi kusimama kando kama mtazamaji. Mikutano ile ya mwaka 1965 haikufanikiwa kwa bahati. Viongozi wa matawi na wa wilaya ndio walioiandaa, wakamlinda muulizaji asinyamazishwe, na wakahakikisha kila mgombea amepewa nafasi sawa. Katibu wa tawi anayechagua nani aulize na nani asiulize, au anayekusanya maswali siku mbili kabla ili kuyachuja, hamlindi Mbunge. Amnyima habari za watu wake mwenyewe, na habari hizo zitamfikia siku ya kura, wakati hawezi tena kuzijibu. Kila tawi liwe na daftari moja: swali lililoulizwa, jibu lililotolewa, tarehe iliyoahidiwa. Mkutano ufuatao uanze kwa kusoma daftari hilo kabla ya hotuba yoyote.

Daftari ni kitu kidogo, bei yake ni ndogo kuliko ile ya fulana moja ya kampeni. Tuanze nalo katika mikutano ya msimu huu, na swali la kwanza litakaloandikwa ndani yake liwe la bajeti ya jimbo.