Kitabu kipi cha kwenda nacho wodini?

Mwanafunzi wa udaktari kutoka Nyasura, Bunda, aliyepata nafasi Bugando, Mwanza, akifikia zamu ya magonjwa ya ndani hukutana na swali la wote: asome kipi kabla ya mtihani?

Harrison's, kilichoanza kuchapwa Marekani mwaka 1950, ni cha kufunguliwa jambo likikwama, si cha kumalizwa kwa wiki chache. Davidson's, kilichozaliwa Edinburgh mwaka 1952, na Kumar and Clark cha mwaka 1987 vinasomeka zaidi: vinaueleza ugonjwa tangu chanzo hadi dawa. Oxford Handbook kinaenea mfukoni mwa koti jeupe.

Lakini mtihani hauishii kwenye karatasi.

Kitandani kuna mgonjwa aliyevimba tumbo. Mtahiniwa agongegonge ubavuni, amgeuze mgonjwa, agonge tena, asikilize kama mlio umebadilika, kisha aseme kama tumboni kuna maji. Hapo Macleod's na Hutchison's, vitabu vya kumpima mgonjwa, ndivyo vinavyookoa.

Halafu mtahini atauliza chanzo. Vitabu vya Ulaya hutanguliza pombe na ini lililosinyaa. Kanda ya Ziwa, kichocho hakikosi kwenye orodha, na mgonjwa aliyekulia kando ya Ziwa Victoria huulizwa kama ameoga au kuvua humo. Kwa dawa na dozi, kuna Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, toleo la 2021, unaoonyesha pia dawa zinazotarajiwa katika kila ngazi, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa.