Uhifadhi wa Fasihi Simulizi: Hazina ya Meru na Embu ni ya Nani?

Mtahiniwa anapoulizwa jinsi ya kuhifadhi fasihi simulizi hutaja kinasasauti, kamera na intaneti, kisha akatua. Jibu hilo ni nusu tu. Chombo huhifadhi sauti; hakisemi sauti hiyo ni ya nani.

Tuchukue mfano wa Meru. Mnamo 1969 na 1970, Jeffrey Fadiman, mtafiti Mmarekani, aliwahoji wazee wa Kimeru. Kitabu chake kilichapishwa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1993, na baadaye kikawekwa kwenye maktaba ya kidijitali ya chuo hicho. Kwa upande wa Embu, H.S.K. Mwaniki alichapisha *Embu Historical Texts* mwaka 1974. Kazi kama hizi zimehifadhi visakale, kikiwemo kile cha Wameru kutoroka utumwa Mbwaa. Faida yake haina ubishi. Hata hivyo, mkusanyaji wa leo azingatie haya:

(i) Idhini. Sheria ya Kenya ya 2016 kuhusu maarifa ya jadi inatambua jamii kuwa mwenye mali. Kibali cha fanani mmoja huenda kisitoshe.

(ii) Mipaka ya hadhira. Nyiso, mathalani kirarire cha Wameru, zina wakati na wasikilizaji wake. Kuzianika kwa kila mtu ni kuzivua uamilifu wake. Nchini Australia, jamii ya Warumungu ilishirikiana na watafiti kubuni Mukurtu, programu inayoiachia jamii yenyewe iamue nani aone nini.

(iii) Lugha na muktadha. Tafsiri pekee hupoteza mahadhi na tamathali. Matini ya Kimeru au Kiembu itangulie, Kiswahili kifuate, pamoja na maelezo ya mahali, tukio na hadhira.

Ushirikiano huu unawezekana. Chuo Kikuu cha Embu kilipata hati mwaka 2016. Kile cha Meru, kilichopata yake mwaka 2013, kiko Nchiru, penye makao ya Njuri Ncheke: maktaba na wazee ni majirani. Mwalimu awatume wanafunzi nyanjani wakiwa na daftari na adabu, na wanachokusanya kirudishwe kwanza kwa wenyewe wakisahihishe. La sivyo, tutahifadhi maneno na kupoteza imani ya wasimulizi.

Zoezi: "Kurekodi si kuhifadhi." Jadili kauli hii ukirejelea utanzu mmoja wa jamii yako. (alama 20)