BAHARIA WA CHOMBO CHA MAHARAMIA: MAELEZO YA ISTILAHI

Miongoni mwa maswali yaliyofika katika meza yetu ya istilahi limo moja kutoka Nyasho, mjini Musoma. Mwulizaji, ambaye ni mtumishi wa umma, alikuwa akifasiri taarifa juu ya wavuvi walionyang'anywa injini na nyavu zao ziwani. Katika taarifa hiyo alikuwamo mtu mmoja ambaye hakushika silaha wala hakukanyaga katika mtumbwi wa wavuvi. Kazi yake ilikuwa kuongoza mtumbwi wa wanyang'anyi na kuwangoja wenziwe mpaka wamalize. Je, mtu huyo aitwe haramia, baharia wa maharamia, au mshiriki tu? Swali ni la neno moja, lakini jibu lake laweza kuwa na uzito wa miaka thelathini gerezani. Kwa hiyo yafaa tulijibu kwa kituo.

Tuanze na neno haramia. Asili yake ni Kiarabu, katika shina lile lile lililotupa haramu, na maana yake ya kwanza ni mwizi, mtu ajipatiaye mali kwa njia iliyokatazwa. Katika Kiswahili cha zamani neno hili halikuwa la baharini peke yake. Aliyevizia misafara ya bara njiani alikuwa haramia sawasawa na aliyevizia majahazi. Kadiri miaka ilivyopita, neno lilielekea majini, na nchi kavu ikaachiwa mnyang'anyi na, hasa katika miji, jambazi. Utekaji wa meli katika pwani ya Somalia, uliovuma sana kati ya mwaka 2008 na 2012, ulikamilisha mwelekeo huo: redio na magazeti yalitaja maharamia kila juma, na msikilizaji akazoea kwamba haramia ni mtu wa meli. Wakati huo huo neno lilichukua mzigo mwingine, kwani siku hizi twasikia pia uharamia wa kazi za sanaa, yaani kunakili kanda au kitabu bila idhini ya mwenyewe. Matumizi haya hatuyapingi, ila mfasiri akumbuke kwamba hayana uhusiano na kosa tunalolieleza hapa.

Sheria ya mataifa ina kipimo chembamba zaidi kuliko magazeti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ibara ya 101, huhesabu kuwa uharamia kitendo cha ukatili, cha kumzuia mtu kinyume cha sheria au cha uporaji, kinachotendwa kwa manufaa ya watu binafsi, na mabaharia au abiria wa chombo cha binafsi, dhidi ya chombo kingine, katika bahari kuu au mahali pasipokuwa chini ya mamlaka ya dola yoyote. Ziwa Viktoria halina bahari kuu. Maji yake yote, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, yamegawanywa baina ya Tanzania, Uganda na Kenya, wala hapana hata pima moja isiyo na mwenyewe. Kwa hiyo atendaye unyang'anyi mbele ya Musoma si haramia kwa kipimo cha mkataba huo. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania huyo ni mtenda unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa la kifungu cha 287A, ambalo adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka thelathini. Uharamia una kifungu chake mbali, cha 66. Mwandishi wa gazeti akisema "maharamia wa ziwani" hatumlaumu; anatumia haramia kwa maana yake ya kale. Lakini hati ya mashtaka haiandikwi kwa maana ya kale, na tangu sheria ziliporekebishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, jambo hili limetoka katika kamusi likaingia kizimbani.

Sasa tumtazame baharia mwenyewe. Neno hili nalo ni la Kiarabu, kutokana na bahari, lakini limesafiri hadi mahali ambapo maji ya chumvi hayafiki. Kandokando ya Ziwa Viktoria, mwajiriwa katika mtumbwi wa uvuvi huitwa baharia, na katika vinywa vya wengi, hata upande wa Uganda na Kenya, limefupishwa kuwa baria. Mwenye mtumbwi na nyavu ni tajiri. Baharia hana kitu ila mikono yake, na ujira wake aghalabu ni mgawo wa kilichopatikana. Usiku usio na samaki hauna mgawo. (Vijana wa mijini nao huitana baharia kwa maana ya mtu mjanja asiyeshindwa na jambo, maana hiyo tuwaachie wenyewe.) Neno baharia, basi, halibebi sifa wala lawama. Latwambia tu kwamba mtu yumo chomboni kwa kazi. Lawama huja na neno linalofuata: baharia wa nani, na kwa hiari gani?

Ibara ile ile ya 101 yaligusa jambo hili waziwazi. Mbali na uporaji wenyewe, inahesabu kuwa uharamia kushiriki kwa hiari katika uendeshaji wa chombo, hali mshiriki akijua mambo yanayokifanya kuwa chombo cha maharamia. Hapa mfasiri asikimbie. Tumepata kuona tafsiri zinazoandika "kushiriki katika chombo cha maharamia" na kuyaacha maneno kwa hiari na akijua, labda kwa kudhani ni mapambo. La, hayo ndiyo mlango wa kutokea kwa mpishi aliyelazimishwa na kwa kijana aliyedanganywa kwamba anakwenda kuvua.

Kisa kimoja cha bahari yetu chaonyesha jinsi mlango huo ulivyo mwembamba. Mwaka 1697 Kapteni William Kidd, Mskochi aliyekuwa na hati ya Mfalme wa Uingereza ya kuwawinda maharamia na kuteka meli za Wafaransa, alifika visiwa vya Ngazija katika chombo chake Adventure Galley. Alipita Nzwani, na huko Mwali, walipokuwa wakisafisha chombo, maradhi yaliwaua mabaharia wake wapatao hamsini kwa muda mfupi. Waliobaki walikuwa na mapatano ya namna ambayo mvuvi wa Musoma angeyatambua mara moja: pasipo nyara hapana ujira. Watu wenye njaa na mkataba wa namna hiyo hawangoji sana, na mwenye hati akageuka mtekaji. Mwezi Januari 1698 waliiteka Quedagh Merchant, meli iliyosheheni mali ya wafanyabiashara wa Asia. Walipotia nanga katika kisiwa cha Sainte-Marie, Bukini, walio wengi walimwacha Kidd wakajiunga na haramia Robert Culliford. Kwa maelezo ya Kidd mwenyewe, waliosalia naye walikuwa kumi na watatu tu.

Kidd alishtakiwa London mwezi Mei 1701 pamoja na mabaharia tisa. Watatu kati yao, Robert Lamley, William Jenkins na Richard Barlicorn, waliachiliwa. Hawakuachiliwa kwa sababu hawakuwamo chomboni, maana walikuwamo. Bali walithibitisha kwamba kila mmoja alikuwa mtumishi au mwanagenzi wa bwana wake humo humo chomboni, na kwamba walitenda kwa amri. Kidd na baharia mmoja, Darby Mullins, walinyongwa. Mullins alikuwa mmoja wa wale waliokwenda kwa Culliford.

Mfasiri wa kisa hiki akiandika kwamba wale watatu walikuwa "mabaharia waaminifu", amekosea mahali penyewe. Uaminifu ni sifa ya moyo: mtu hukaa na mwenziwe ingawa angeweza kuondoka. Utii ni kufuata amri, nao waweza kuwapo bila mapenzi yoyote. Barlicorn na wenziwe waliokolewa na utii. Wale waliobaki na Kidd kwa kupenda ndio wangestahili kuitwa waaminifu, na mbele ya mahakama uaminifu huo huo ungekuwa ushahidi juu yao, kwa kuwa ndani yake mna hiari. Twashauri basi kwamba mwaminifu na mtiifu yasibadilishane katika tafsiri za sheria, hata pale ambapo lugha ya asili imetumia neno moja tu kwa yote mawili.

Yamebaki majina ya vyeo. Nahodha ni mkuu wa chombo, serahangi ni msimamizi wa mabaharia, msukani ni mshika usukani. Haya yamekamilika na hayahitaji kubuniwa mengine. Rubani, aliyekuwa mwongoza vyombo, amekwisha kupaa angani, na akitumiwa majini yafaa aandikwe rubani wa meli. Tatizo ni yule afisa ambaye katika meli za maharamia wa karne ya 18 alichaguliwa na mabaharia ili agawe nyara na kumzuia nahodha asiwaonee. Katika mapatano ya chombo cha Bartholomew Roberts, kama yalivyochapishwa London mwaka 1724, afisa huyu alipata mafungu mawili sawa na nahodha, na kila baharia alikuwa na kura. Wako wanaomwita serahangi, lakini serahangi huwekwa na nahodha, hachaguliwi na mabaharia. Tunapendekeza mkuu wa mgawo, tukilichukua neno mgawo kwa maana ile ile inayotumika katika mialo ya Mara.

Ama mwulizaji wetu wa Nyasho, tulimjibu hivi: katika taarifa ya habari mtu yule aandikwe mwongoza mtumbwi wa wanyang'anyi. Katika hati ya kisheria aitwe mshtakiwa wa unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa kuwa kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu humhesabu mwenye kusaidia kuwa ametenda kosa lenyewe. Na ikiwa alisema kwamba hakujua safari ilikuwa ya nini, maneno yake hayo yaandikwe yote, kama alivyoyasema.