Nyasi Bandia Nyumbani: Mtoto Apate Mahali pa Kucheza

Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja anayeishi na familia yake mjini, katika nyumba ya ghorofa. Ua wote umesakafiwa kwa saruji, na nje ya lango ni magari matupu. Mwanawe wa miaka 3 anashinda ndani akitazama televisheni. Majirani wanataka kutandika nyasi bandia juu ya paa la zege, pale wanapoanika nguo, ili watoto wapate kucheza. Lakini mama mkwe hakubali. Anasema plastiki ni plastiki, itamdhuru mjukuu wake. Je, nani yuko sahihi?

NYASI BANDIA NI NINI?

Ni zulia la nyuzi za plastiki zilizoshonwa juu ya kitambaa kigumu. Zilipata umaarufu mwaka 1966 zilipotandikwa katika uwanja wa Astrodome mjini Houston, Marekani. Uwanja huo ulikuwa na paa, na nyasi za kawaida zilikuwa zimekufa kwa kukosa jua. Baadaye zilienea katika viwanja vingi vya mpira, hata kwetu, kama vile Nyamagana kule Mwanza. Siku hizi zinauzwa madukani, nawe unakatiwa kipande unachotaka.

FAIDA ZAKE

Kwanza, mtoto anatoka nje. Mwili hutengeneza vitamini D ngozi inapopata mwanga wa jua. Mtoto anayefungiwa ndani siku zote yumo katika hatari ya kupata matege. Tena kukimbia na kuruka kunamjengea mifupa, misuli na usingizi mzuri.

Pili, hakuna tope wala vumbi jingi. Mtoto anayetambaa hachubuki magoti kama anavyochubuka kwenye saruji.

Tatu, maji hayapotei. Bustani ya nyasi za kawaida yenye mita za mraba 20, wakati wa kiangazi, inaweza kutaka lita 500 kwa juma. Hayo ni madumu 25 ya lita 20. Katika nyumba inayonunua maji, madumu hayo ni bora yaende kwenye kupikia, kunywa na kuoga.

Nne, paa halielemewi. Udongo wenye kina cha sentimita 10, ukilowa maji, waweza kupita kilo 150 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa mita 20 ni tani 3. Mapaa mengi hayakujengwa kubeba mzigo huo. Zulia la nyasi bandia lina kilo chache tu kwa mita.

MAMBO YA KUANGALIA

Hapa ndipo wasiwasi wa bibi unapopata nguvu. Jambo kubwa ni joto. Nyasi za kawaida hujipoza kwa sababu zinatoa mvuke wa maji, plastiki haiwezi. Jua la mchana linaweza kuzipasha hata kupita nyuzi 60 za Selsiasi, joto linaloweza kuunguza nyayo laini za mtoto. Kwa hiyo watoto wacheze kabla ya saa 4 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni. Kabla hawajaanza, weka mgongo wa mkono wako juu ya nyasi na uhesabu mpaka 7. Ukishindwa kuvumilia, mtoto asikanyage. Kumwagia maji kunapoza kwa dakika chache tu, kisha joto hurudi. Dawa ya kweli ni kivuli: turubai, au mmea unaotambaa juu ya fito.

Ikitokea mtoto ameungua, mwagia mahali hapo maji safi ya bomba kwa dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno wala yai. Malengelenge yakitokea, mpeleke zahanati.

Pili, maji yasituame. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na 2019. Mbu wanaoieneza huuma mchana, na huzaliana katika maji kidogo tu, hata ya kifuniko cha ndoo. Hakikisha paa lina mwinamo na bomba la kutolea maji ya mvua liko wazi. Vitu vya kuchezea visiachwe nje vikikusanya maji.

Tatu, usafi. Nyasi hizi hazimwagiliwi, lakini zinafagiliwa. Tumia fagio la chelewa kila siku, na zioshwe kwa maji ya sabuni kila juma. Kuku, paka na mbwa wasilale hapo.

Nne, moto. Jiko la mkaa lisiwekwe juu yake kamwe, wala karibu. Plastiki hushika moto na moshi wake ni sumu. Zulia likichakaa, lisichomwe uani.

Tano, ukingo wa paa. Pawe na ukuta unaofika kifuani mwa mtu mzima, na pasiwe na ndoo, kiti au tofali la kupandia. Mtoto asiachwe huko peke yake hata dakika moja. Zulia hili ni jembamba. Halimkingi mtoto anayeanguka kwa kichwa.

Mwisho, chagua vizuri. Ukiuziwa kipande kilichong'olewa uwanjani chenye punje nyeusi za mpira, kikatae. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria itakayozuia kuuzwa kwa punje hizo za viwanjani kuanzia mwaka 2031, kwa sababu zinachafua udongo na maji. Kikatae pia kipande kikuukuu ambacho nyuzi zake zinakatika na kuwa unga. Rangi za baadhi ya nyasi bandia za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na watoto hutia mikono kinywani.

JIBU LETU

Mama, watandikieni watoto hapo juu, kwani kufungiwa ndani mwaka mzima kunawadhuru zaidi. Lakini mpeni bibi kazi ya kupima joto kwa mkono wake, kwa maana hofu yake ina sababu. Pembeni wekeni magunia 2 au 3 ya udongo, mpande mchicha na sukuma wiki. Nyasi za plastiki haziliwi, na mtoto naye ajue mboga inatoka wapi.

Na wewe msomaji mwenye ua wa udongo na mwembe mmoja, usiufunike kwa plastiki. Kivuli cha mwembe huo ni bora kuliko zulia lolote utakalonunua.